Madini ni yale yale, moto ndio unaobadilisha bei: somo la manganiti kwa Kongo inayotaka viwanda

Tangu serikali ya Kongo ilipozuia kobalti kutoka nchini tarehe 22 Februari 2025, na kisha mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kuweka kiasi ambacho kila kampuni inaruhusiwa kusafirisha, neno moja linarudi katika kila hotuba: madini yageuzwe hapa hapa kabla ya kuvuka mpaka. Ni neno zuri, na ni vigumu kumpata Mkongomani anayelipinga. Lakini wanaolisema wanahesabu tani, asilimia na dola. Wachache wanataja jambo linaloamua kama jiwe litakuwa mali au litabaki jiwe lililosagwa: namna ya kulitengeneza, yaani vipimo, moto, saa, hewa, na mkono wa yule anayefanya kazi.

Jambo hilo halihitaji diploma ili lieleweke. Mtu yeyote aliyejenga nyumba Bukavu, Butembo au Lubumbashi analijua. Udongo wa matofali umetoka shimo moja, umekanyagwa na miguu ile ile, umetiwa katika kalibu moja. Siku ya kufungua tanuru, tofali la katikati linatoka jekundu na linalia kama chuma likigongwa. Tofali la pembeni, ambalo moto haukulifikia vizuri, linatoka na rangi ya kufifia, na mvua za msimu mmoja zinatosha kulimomonyoa. Udongo ni ule ule, lakini fundi hauzi matofali yale mawili kwa bei moja, na mnunuzi mwenye akili hakubali kuyachanganya.

Katika maabara za fizikia na kemia kuna kitu kinachofanana sana na tofali hilo. Kinaitwa manganiti. Kisa chake kingefaa kusomwa na kila waziri, kila mbunge na kila mwanafunzi wa politekniki anayezungumza juu ya kugeuza madini.

Kitu chenyewe ni nini

Manganiti ni kitu cheusi, kigumu kama kigae, kinachotengenezwa kwa manganezi, oksijeni na lantani, moja ya metali zinazoitwa ardhi adimu. Atomu zake zimepangwa kwa mtindo unaoitwa perovskiti, jina lililotoka kwa jiwe lililogunduliwa katika milima ya Ural, Urusi, mwaka 1839. Kisha wataalamu huondoa sehemu ya lantani na kuweka mahali pake kalsiamu, ile ile iliyomo ndani ya chokaa, au strontiamu. Ni kama kutia kiungo katika mchuzi: kiasi kidogo kinabadilisha ladha ya sufuria nzima.

Bila kiungo, kitu hicho hakipitishi umeme vizuri na si sumaku ya kufaa. Kikitiwa strontiamu kiasi cha asilimia 30 mahali pa lantani, kinakuwa sumaku inayodumu mpaka karibu digrii 95 za joto, na umeme unapita ndani yake vizuri. Kikitiwa kalsiamu kwa kiasi hicho hicho, usumaku unakufa mapema zaidi, kwenye baridi ya digrii 20 hivi chini ya sifuri. Mambo haya yalianza kujulikana mwaka 1950 kupitia kazi ya Jonker na van Santen, watafiti wa kampuni ya Philips kule Eindhoven, Uholanzi. Mwaka 1994 watafiti wa Bell Labs, Marekani, walionyesha kwamba utando mwembamba wa manganiti yenye kalsiamu, ukiwekwa katika baridi kali na mbele ya sumaku yenye nguvu, unabadilisha ukinzani wake wa umeme kwa kiasi cha mara elfu. Dunia ya sayansi ilishtuka, na maabara nyingi zikaanza kutengeneza manganiti zao.

Ndipo shida ilipoonekana. Maabara mbili zilifuata hesabu moja, zikaandika jina moja kwenye karatasi, lakini vitu vilivyotoka katika matanuru yao havikuwa na tabia moja.

Unga mmoja, wapishi watatu

Kuna njia nyingi za kutengeneza manganiti. Tatu zinatosha kueleza jambo lenyewe.

Ya kwanza ni ya zamani na ni rahisi kuieleza. Unga wa oksidi ya lantani, wa oksidi ya manganezi na wa kaboneti ya strontiamu hupimwa kwenye mizani, husagwa pamoja ndani ya kinu kidogo, kisha huchomwa. Hutolewa, husagwa tena, hubanwa kuwa kidonge, na hurudishwa motoni kwa digrii 1200 mpaka 1400 kwa saa nyingi, wakati mwingine siku nzima. Joto kubwa namna hiyo ni la lazima kwa sababu atomu ndani ya kitu kigumu zinatembea polepole sana. Anayeharakisha anabaki na mabaka: huku lantani imezidi, kule manganezi haijachanganyika.

Njia ya pili inaanzia ndani ya maji. Chumvi za metali huyeyushwa, hutiwa asidi ya sitriki, asidi ile inayopatikana katika ndimu, pamoja na aina ya alkoholi nzito. Mchanganyiko hupashwa moto taratibu mpaka unakuwa mzito kama uji uliopoa. Uji huo hukaushwa na kuchomwa. Mmarekani Maggio Pechini alipata hataza ya njia ya aina hiyo mwaka 1967. Kwa kuwa atomu zilikuwa zimeshachanganyika ndani ya maji, digrii 600 mpaka 800 mara nyingi zinatosha. Punje zinazopatikana ni ndogo mno: zaidi ya elfu moja zinaweza kupangwa mstari mmoja katika unene wa unywele.

Njia ya tatu ni ndugu ya pili. Badala ya kungoja uji ukauke polepole, mpishi anatia kitu kinachowaka, kama glisini au yurea, ile ile ya mbolea. Sufuria ikipata moto wa kutosha, mchanganyiko unajiwasha wenyewe, unawaka kwa muda mfupi, na kinachobaki ni unga mwepesi, wenye mapovu kama sponji. Kisha unachomwa tena kidogo ili uive vizuri.

Matokeo ya njia zote tatu yanaweza kuandikwa kwa herufi na tarakimu zile zile. Hata mashine ya miale ya X, ambayo kazi yake ni kusoma mpangilio wa atomu, inaweza kusema kwamba vyote vitatu ni perovskiti ile ile. Ukivipima kwa sumaku na kwa umeme, ndipo kila kimoja kinaonyesha kilikopikwa.

Punje ndogo na bariyeri za njiani

Kila punje ina ngozi. Ndani ya punje atomu zimepangwa sawasawa, lakini kwenye ngozi mpangilio unaharibika kwa sababu hakuna majirani upande wa nje. Punje ikiwa kubwa, ngozi ni sehemu ndogo ya mwili wake. Punje ikiwa ndogo sana, ngozi inakuwa sehemu kubwa, na ngozi hiyo haishiki usumaku vizuri. Ndiyo maana unga uliopikwa kwa joto la chini huwa na sumaku dhaifu kuliko kidonge kilichochomwa kwa digrii 1300, ingawa hesabu ya viungo ni moja. Hata mahali ambapo usumaku unakufa panabadilika: katika kidonge chenye punje kubwa unakatika kwa ghafla, katika unga wenye punje ndogo unafifia polepole.

Umeme nao una safari yake. Msafiri anayetoka Goma kwenda Beni anajua kwamba urefu wa barabara si tatizo peke yake. Kinachomla muda na pesa ni bariyeri. Ndani ya manganiti, kila mpaka kati ya punje na punje ni bariyeri. Punje zikiwa kubwa, bariyeri ni chache na umeme unapita haraka. Punje zikiwa ndogo, umeme unasimamishwa kila hatua.

Mwaka 1996, Harold Hwang na wenzake wa Bell Labs walilinganisha manganiti moja yenye strontiamu katika sura mbili: fuwele moja isiyo na mshono, na vipande vyenye punje nyingi vilivyochomwa kwa joto tofauti. Usumaku ulikaribia kuwa sawa katika vyote. Lakini katika baridi, vipande vyenye punje nyingi vilikuwa na jambo ambalo fuwele moja haikuwa nalo: sumaku dhaifu ilitosha kushusha ukinzani wao kwa ghafla. Maelezo yao ni kwamba bariyeri kati ya punje mbili inakuwa rahisi kupita pale sumaku za punje zote mbili zinapoelekea upande mmoja. Mipaka ambayo wengi waliiona kuwa kasoro ya upishi ikawa ndiyo kitu cha maana. Na mipaka hiyo haiandikwi popote katika jina la kemikali. Inaandikwa na tanuru.

Hewa nayo ni kiungo. Manganiti isiyotiwa strontiamu wala kalsiamu, ikichomwa katika hewa ya kawaida kwa joto la wastani, inachukua oksijeni ya ziada kiasi cha kugeuka sumaku ikipozwa. Ikichomwa mahali ambapo oksijeni imepunguzwa, inabaki na tabia tofauti kabisa: sumaku ndogo za atomu zake zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Hakuna aliyebadilisha unga. Kilichobadilika ni upepo uliopita ndani ya tanuru.

Na kosa linaweza kuanza hata kabla ya moto. Oksidi ya lantani inakunywa unyevu na gesi kutoka hewani, kama unga wa muhogo uliosahauliwa wazi wakati wa mvua. Anayeipima bila kuikausha kwanza kwa moto mkali anapima maji akidhani anapima lantani. Mizani haitamwambia. Atakuja kujua baada ya wiki, kidonge kitakapokataa kuwa kile alichokitaka.

Hakuna njia iliyo bora kwa kila kazi

Mtu anaweza kuuliza: basi, ipi ni njia nzuri kuliko zote? Swali hilo ndilo linalopoteza wengi. Jibu linategemea kazi.

Seli za mafuta zinazofanya kazi kwa joto la digrii 800 mpaka 1000, ambazo hugeuza gesi kuwa umeme, hutumia manganiti yenye strontiamu upande wa hewa. Huko kinatakiwa kitu chenye vitundu, chenye punje ndogo, ili hewa iingie kwa wingi. Unga mwepesi wa njia ya pili au ya tatu unafaa. Tena, manganiti hiyo ikichomwa kupita kiasi juu ya kigae cha zirkonia kilicho jirani yake, vitu viwili hivyo vinaungana na kuzaa kitu cha tatu kinachozuia umeme. Moto mwingi, ambao kwa tofali ni baraka, hapo ni hasara.

Watafiti wanaotafuta namna ya kupasha joto uvimbe wa kansa kwa sumaku nao wanataka punje ndogo sana, zenye usumaku unaokufa kidogo juu ya joto la mwili, ili zisiunguze nyama nzima ya mgonjwa. Lakini mwenye kutaka sumaku iliyo imara na umeme unaopita bila vizuizi anahitaji kidonge kizito, kilichokaa motoni muda mrefu.

Kwa hiyo njia si jambo la mwisho, la kumwachia fundi baada ya wakubwa kuamua. Njia ni sehemu ya uamuzi wenyewe. Anayesema anataka manganiti bila kusema itatengenezwa vipi hajasema bado anataka nini. Na hapo ndipo somo linapofika Kongo.

Jiwe lipo, unga haupo

Kongo ina manganezi. Huko Kisenge, katika jimbo la Lualaba, mgodi ulichimbwa tangu wakati wa wakoloni, na mawe yake yalipakiwa katika treni kuelekea bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipofunga njia hiyo ya reli mwaka 1975, mgodi ulikosa mlango wa kutokea. Chokaa ipo katika majimbo mengi. Hata lantani haiko mbali: mawe ya Gakara, karibu na Bujumbura, ni ya aina yenye lantani na seriamu kwa wingi, ingawa Burundi ilisimamisha usafirishaji wake mwaka 2021.

Ukitazama ramani peke yake, mtu atasema viungo vyote vya manganiti viko jirani. Lakini mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anayetaka kutengeneza gramu kumi za manganiti leo hawezi kwenda Kisenge na kapu. Anahitaji unga safi, uliooshwa na kutenganishwa na chuma na uchafu mwingine, na unga huo unatoka ng'ambo ndani ya chupa ndogo, kwa bei ya ng'ambo. Nchi inauza jiwe kwa tani na kununua unga kwa gramu. Umbali kati ya vitu hivyo viwili hauhesabiwi kwa kilomita. Unahesabiwa kwa njia za kutengeneza ambazo wengine wanazijua na Kongo haijazishika.

Kobalti ina hadithi hiyo hiyo. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia zinachimbwa Kongo, na sehemu kubwa inatoka ikiwa hidroksidi ghafi inayokwenda kusafishwa China. Mwezi wa Novemba 2021, wakati wa mkutano mkubwa wa biashara Kinshasa, ripoti ya BloombergNEF ilikadiria kwamba kiwanda cha kutoa tani 10 000 kwa mwaka za malighafi ya betri kingeweza kujengwa Kongo kwa dola milioni 39, karibu mara tatu chini ya gharama ya Marekani. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zikasaini makubaliano juu ya betri, na Lubumbashi ikapata kituo cha utafiti wa betri. Hizo ni hatua za kweli.

Lakini malighafi hiyo ya betri ni nini? Ni unga wa nikeli, manganezi na kobalti unaozaliwa ndani ya maji, katika pipa linalokorogwa bila kusimama. Ukali wa maji hayo lazima ushikwe pale pale, joto lishikwe, kasi ya kukoroga ishikwe, na hewa izuiwe kuingia, maana ikiingia manganezi inaharibika kabla ya wakati. Lengo ni punje za mviringo, zenye ukubwa unaokaribiana. Punje zikitoka mbaya, betri inakufa mapema, na mnunuzi anarudisha mzigo. Kiwanda cha dola milioni 39 ambacho hakuna anayejua kushika pipa lake ni jengo tu lenye mlinzi mlangoni.

Mapingamizi yanayostahili jibu

Wengine watasema makampuni ya kigeni yatakuja na ujuzi wao pamoja na mashine. Ni kweli yatakuja nao, na ni kweli vile vile yataondoka nao. Karatasi ya mapishi inaweza kunakiliwa. Kisichonakiliwa ni jicho la mtu aliyeharibu vidonge hamsini mpaka akajua kwa nini cha hamsini na moja kimetoka vizuri. Mtu huyo akiwa mgeni, ujuzi unapanda ndege siku mkataba unapokwisha. Akiwa mtoto wa Kolwezi au wa Uvira, unabaki.

Wengine watasema manganiti haina soko kubwa. Hilo pia ni kweli, na halifai kufichwa. Ahadi nyingi za miaka ya 1990 hazikutimia, kwa sababu maajabu yale ya ukinzani yanadai baridi kali au sumaku yenye nguvu kupita kiasi, na viwanda vya diski za kompyuta vikachagua vitu vingine. Hakuna mwenye akili atakayeishauri Kongo kujenga kiwanda kikubwa cha manganiti kesho. Faida yake ni nyingine: manganiti ni shule. Viungo vyake kwa kazi ya gramu chache si ghali kama dhahabu, na kila uzembe inaulipiza. Aliyepima vibaya, inamwonyesha. Aliyeharakisha moto, inamwonyesha. Mwanafunzi aliyeshinda shule hiyo hatapotea mbele ya pipa la malighafi ya betri, kwa kuwa nidhamu ni ile ile.

Na wako watakaosema, hasa mashariki, kwamba watu waliokimbia nyumba zao, na miji kama Goma na Bukavu iliyoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, haina nafasi ya kufikiri juu ya punje na matanuru. Anayesema hivyo hasemi upuuzi. Tanuru la maabara halizimi bunduki. Lakini madini yametajwa katika kila meza ya mazungumzo, na makubaliano ya Washington ya Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda yaligusa biashara yake. Amani itakapokuja, swali litakuwa hili: nani anajua kufanya nini na mawe haya? Vijana wasipokuwa na jibu siku hiyo, jibu litatoka kwa wengine, kama kawaida.

Kuanzia pale umeme unapofika

Kuna jambo moja ambalo wenye kupanga elimu ya juu wangeweza kulitumia mara moja. Njia ya kwanza, ya kusaga na kuchoma, inadai tanuru likae juu ya digrii 1200 kwa saa nyingi bila kuyumba. Katika miji ambako kuraa inaondoka bila kuaga, kazi hiyo ni bahati nasibu. Umeme unakatika usiku wa manane, kidonge kinapoa katikati ya safari, asubuhi tanuru linawashwa upya. Katika karatasi ya utafiti itaandikwa saa 24 za moto, lakini kidonge kilipata vipande vitatu vya moto na baridi mbili katikati. Mwingine akifuata karatasi hiyo hatapata kitu kile kile, na atadhani kosa ni lake.

Njia ya uji wa asidi ya sitriki, na ile ya kujiwasha kwa yurea, zinadai joto la chini na saa chache. Tanuru dogo linaweza kumaliza kazi kati ya delestaji mbili, au likategemea jenereta bila kufilisi kitivo. Hazitoi kila aina ya manganiti, kama ilivyoelezwa, na zina hatari yake: moshi wenye sumu na mchanganyiko unaolipuka kirahisi, kwa hiyo zinadai mahali penye hewa inayovutwa nje na mwalimu aliye macho. Lakini zinafaa kuanza nazo, na zinafundisha kemia ya majini, ndugu wa karibu wa ile ya betri. Kuchagua njia kulingana na umeme uliopo si aibu. Ni akili ya mpishi anayetazama makala yaliyobaki kabla ya kuamua kama atapika maharagwe au mboga.

Yanayohitajika mwanzoni ni machache na yanajulikana: mizani sahihi, tanuru dogo, chombo cha kuvuta moshi, unga safi, umeme wa akiba. Mashine kubwa za kupima, kama ile ya miale ya X, ni ghali, na hakuna sababu kila chuo kiwe na yake. Moja inayofanya kazi kweli, na kufunguliwa kwa wanafunzi wa Lubumbashi, Kisangani na Bukavu kwa zamu, ina faida kuliko tatu zilizofunikwa kitambaa kwa kukosa kipuri.

Vyuo navyo vina deni lao, ambalo halidai pesa. Kila kazi ya mwisho wa masomo iseme ukweli wa tanuru: unga ulikaushwa au la, joto lilikuwa digrii ngapi, lilikaa saa ngapi, lilikatika mara ngapi, kidonge kilipoa haraka au polepole, katika hewa gani. Mwanafunzi anayeandika kwamba umeme ulikatika mara mbili anatoa kazi yenye faida kuliko anayeandika saa 24 safi ambazo hazikuwepo.

Na wanaosaini mikataba kwa jina la nchi wangepaswa kukataa neno kugeuza linaposimama peke yake. Kugeuza kuwa nini? Kwa usafi gani? Kwa njia ipi? Wakongomani wangapi watakuwa ndani ya chumba cha kudhibiti na ndani ya maabara ya ubora, mbali na wale wa kupakia malori? Mkataba usiojibu maswali hayo unauza udongo tena, safari hii ukiwa umepakwa rangi ya kiwanda.

Mnunuzi wa matofali hafiki kwenye tanuru na kuuliza udongo umetoka kilima gani. Anachukua tofali moja, analigonga kwa jingine, na anasikiliza. Dunia inayonunua vitu vya betri na sumaku inafanya vile vile. Kongo imekwisha kuonyesha kilima chake kwa watu wote. Kinachobaki ni kuwafundisha watoto wake kushika moto.